Binti wa kaka kajifungua anataka kurudi form two, mkuu wa shule kagoma. Nianzie wapi?

Shangazi_Kahama: Habarini humu. Binti wa kaka yangu ana miaka 17, aliacha shule mwaka jana mwezi wa tisa baada ya kugundulika ana mimba, sasa mtoto ana miezi sita na mwenyewe anataka kurudi, juzi nimemkuta ananyonyesha huku kafungua daftari lake la hesabu la zamani halina hata kava, nikajikaza tu. Tumeenda shuleni, mkuu anasema jina lilishafutwa, kwenye rejista imeandikwa utoro, akatafute QT, ule mtihani wa wanaosoma nje ya shule. Kaka naye kashakaa na wazee wa yule kijana wa bodaboda aliyempa mimba wanataka kuyamaliza kwa ng'ombe wanne. Hivi si serikali ilisema waliojifungua wanarudi shule au yalikuwa ya redioni tu?

mwl wa kata: Pole dada. Sio ya redioni, kuna Waraka wa Elimu namba 2 wa 2021, ulitoka Novemba Ndalichako akiwa waziri. Anaruhusiwa kurudi ndani ya miaka miwili tangu aache, kwahiyo msilale. Hilo neno utoro ndo ujanja wenyewe, mimba haionekani popote kwenye karatasi. Mruke huyo mkuu, nenda kwa afisa elimu sekondari pale halmashauri na cheti cha kuzaliwa na namba ya PReM, ile ya usajili wa mwanafunzi, na kama mnaogopa kuchekwa ombeni uhamisho hapohapo. Sisi tumepokea wawili, mmoja yuko form four saa hizi

Kijogoo: Mnalea ujinga, shule imekuwa leba? Wenzake watajifunza nini

mama mapacha: Kijogoo aliyempa mimba mbona humuulizi. Shangazi mi nilipata mimba 2015, enzi hizo ni kufukuzwa hakuna cha waraka, nikasoma QT jioni nikaja kufanya form four kama private. QT sio mbaya ila ada unalipa mwenyewe, wakati shule ya serikali hakuna ada. Cha kuuliza kwanza ni nani anabaki na mtoto kuanzia saa moja mpaka saa tisa, mimi maziwa yalikuwa yananivujia darasani nikawa navaa kipande cha kanga ndani ya shati, na siku bibi akiumwa ndo siendi tena. Hilo likikosa mtu waraka hausaidii kitu

Wakili njaa: Hao ng'ombe kaka asiwaguse!! Sheria ya Elimu ilirekebishwa 2016, kumpa mwanafunzi mimba ni miaka 30 jela, wazee kukaa kikao hakufuti kosa. Nendeni dawati la jinsia na watoto polisi, au pigeni 116 ni bure

Shangazi_Kahama: Asanteni jamani. Mtoto nitabaki naye mimi, genge langu liko mlangoni. La polisi kaka atanuna mwaka mzima ila basi anune. Jumatatu naenda halmashauri, sasa hiyo namba ya PReM mbona kwenye cheti siioni?

mwl wa kata: Haiko kwenye cheti. Nenda shule ya msingi alikomalizia la saba wanayo kwenye mfumo, kwa yule mkuu usirudi