Dave Gallaher wa All Blacks ya 1905: alicheza nafasi gani hasa?

Mwandishi_wa_Raga
Wakuu, naandaa wasifu wa Dave Gallaher, nahodha wa timu ya raga ya New Zealand (All Blacks) katika ziara ya 1905–06. Nimekwama kwenye mambo mawili. Alikuwa flanka (mtu wa mbele anayekaa ubavuni mwa skramu) au hafu (anayeokota mpira nyuma ya skramu), na kwa nini filimbi ya waamuzi ilimwandama ziara nzima? Halafu, alizaliwa 1873 au 1876?

Skramu_Saba
Hakuwa flanka wala hafu. Ukimpa jina la nafasi ya leo utapotosha wasomaji, kwa hiyo eleza kazi yenyewe.

Wapinzani walizoea kusukuma skramu, pale watu wa mbele wa timu mbili wanaposukumana kuugombea mpira, kwa watu 8. New Zealand waliweka 7 kwa mpangilio wa 2-3-2. Mahuka wawili wa mbele, wanaovuta mpira kwa miguu, walijipenyeza kama kabari kati ya watatu wa upande wa pili, na mtu wa katikati mstari wa pili aliwakumbatia nyonga wote wawili ili wasiachane. Mpira ulitoka nyuma upesi mno.

Mtu wa 8, aliyebaki huru, ndiye Gallaher. Aliuingiza mpira kwenye skramu, kisha akabaki palepale ubavuni. Hafu wa timu yake akiuokota nyuma, mpinzani anayetaka kumfikia anakutana kwanza na mwili wa Gallaher. Ugomvi wote uko hapo: waamuzi wengi waliona kwamba ameotea na anazuia watu, na wengine walimwadhibu kwa jinsi alivyouingiza mpira. Wenzake wa New Zealand waliona ni kazi halali kabisa. Andika pande zote mbili.

Kumbukumbu_za_Cardiff
Naongezea mechi ya Wales, 16 Desemba 1905, maana ndiyo inayoonyesha udhaifu wa mfumo huo. Wales walimtoa mtu mmoja mbele, Cliff Pritchard akacheza huru, wakabaki 7 kwa 7. Tena walisubiri mahuka wa New Zealand wainame kwanza, ndipo wakajipanga ili kichwa chao kiwe karibu zaidi na mpira unapoingia. Refa John Dallas akampigia Gallaher penalti mfululizo, hadi Gallaher akawaagiza mahuka wake waache kuugombea mpira. Hapo New Zealand walikosa mpira wa kuwalisha mabeki wao.

Trai (kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani) ya Teddy Morgan wa Wales, iliyokuwa na thamani ya pointi 3 enzi hizo, ikatosha: 3-0. Ndiyo mechi pekee New Zealand waliyopoteza kati ya 35 za ziara, wakiwa wamefunga pointi 976 na kufungwa 59. Trai ya Bob Deans wa New Zealand iliyokataliwa katika mechi hiyo ipe sentensi mbili tu. Imemeza makala nyingi mno, na skramu inasahaulika.

Msoma_Rejista
Kuhusu tarehe: 30 Oktoba 1873, Ramelton, Donegal, Ireland. Mwaka 1876 unatokana na alivyojiandikisha jeshini, akijipunguzia miaka mitatu. Ukipekua kumbukumbu za Ireland, tafuta Gallagher; tahajia ilibadilika baada ya familia kuhamia mji uitwao Katikati, New Zealand, mwaka 1878.

Angalia pia usichanganye hesabu: aliichezea New Zealand mechi 36, lakini za kimataifa ni 6 tu. Ya kwanza ilikuwa Sydney 1903. Ile ya Ireland mwaka 1905 aliikosa kwa jeraha.

Aliuawa 4 Oktoba 1917 katika mapigano ya Passchendaele, akazikwa kwenye makaburi ya Nine Elms, Ubelgiji. Nafasi yake ilidumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930, sheria zilipolazimisha watu watatu mstari wa mbele.