Ruba ameshatoka, mbona damu haikatiki?

Kambale_Mkubwa:
Wakuu, naomba msaada. Nilikuwa kidimbwini nang'oa magugu, kutoka nikakuta ruba kaning'ang'ania kifundoni. Sikuhisi kuumwa hata kidogo. Kashiba kaachia mwenyewe, lakini kidonda kinavuja tangu asubuhi. Kaniachia sumu? Kuna anayesema ningemmwagia chumvi.

MamaVidimbwi:
Pole sana, ndugu yangu. Sumu hakuna. Nimewachunguza sana viumbe hawa, na hili huwatisha watu bure.

Itazame vizuri alama: ikiwa ina mikono mitatu, huyo ni ruba mwenye taya tatu. Ruba wa dawa, Hirudo medicinalis, ana meno madogo kama 100 kwenye kila taya. Akifyonza anamwaga mate yenye hirudini, inayoizuia damu kuganda. Mwanasayansi Haycraft aliigundua nguvu ya mate hayo mwaka 1884. Ruba anabeba damu mara kadhaa ya uzito wake na kuimeng'enya kwa miezi, kwa hiyo anataka ibaki majimaji. Kilichobaki kidondani mwako ni mabaki ya mate hayo.

Osha kwa sabuni, kandamiza kwa kitambaa safi, inua mguu. Kuvuja kwa saa kadhaa ni kawaida. Ikipita siku nzima, au kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, nenda hospitali.

Chumvi na moto, hapana! Ruba akiteswa anaweza kutapika kidondani, na tumboni mwake wamo bakteria wa Aeromonas. Pitisha ukucha chini ya ncha nyembamba, ndiko kwenye mdomo, kisha bandua ya nyuma.

Tope_Tupu:
Mama, si bora tuweke dawa wafe wote?

MamaVidimbwi:
Tafadhali sana, usifanye hivyo. Wengi hata damu yako hawaitaki. Wapo wanaomeza minyoo na mabuu mazimamazima. Wapo wasio na taya, wana mrija, na baadhi yao hufyonza konokono. Hao wa mrija ndio niwapendao kuliko wote: kwa wengi wao, mzazi huyafunika mayai kwa mwili wake, na watoto wakianguliwa hujishikiza tumboni mwake akatembea nao. Mnyonyaji gani mwingine analea hivyo?

Kambale_Mkubwa:
Asante mama, nimekandamiza, imepungua. Ruba mwenyewe ninaye kwenye chupa. Nimfanyeje?

MamaVidimbwi:
Mrudishe palepale ulipomtoa. Kwa shibe ile, atakaa miezi bila kutafuta mtu.