Kumtumia mtu tangazo bila ridhaa yake: ni haki ya mfanyabiashara?

Wakuu, habari za muda huu. Naomba tulijadili hili kwa kina: mfanyabiashara akutumie tangazo kwanza halafu kazi ya kujitoa iwe yako, au asikuguse mpaka umkubalie? Mimi nasema umkubalie kwanza, na mtu ninayemtegemea kwenye hoja hii ni Seth Godin, mwandishi na mshauri wa masoko wa Marekani.

Aprili 1994 mawakili wawili wa Arizona, Laurence Canter na Martha Siegel, walimwaga tangazo la huduma yao ya kuwasaidia watu kuingia bahati nasibu ya grini kadi ya Marekani kwenye maelfu ya makundi ya Usenet, mtandao wa majadiliano wa enzi hizo. Watu waliwaka. Wenyewe hawakujuta hata kidogo. Walidai wamevuna wateja, wakaandika na kitabu cha kuwafundisha wengine.

Mwaka uliofuata Godin akaja na njia tofauti, akaanzisha kampuni ya Yoyodyne. Huko mtu aliingia mwenyewe kwenye michezo ya zawadi mtandaoni, akatoa baruapepe yake akijua wadhamini watamwandikia. Yahoo ikainunua kampuni hiyo 1998 kwa takriban dola milioni 30. Mwaka 1999 akatoa kitabu chake, Permission Marketing, yaani masoko kwa ridhaa: tangazo liwe linalosubiriwa, linalomlenga mtu mwenyewe na lenye maana kwake.

Wapo wanaosema zawadi zile zilikuwa chambo tu, ridhaa ya kununuliwa. Hoja hiyo ina uzito. Ila mchezaji alijua amempa nani anwani yake na kwa ajili ya nini. Linganisha na daftari la mlinzi getini: unaandika jina na namba ya simu ili uingie ofisini, na yeyote anayefungua ukurasa ule anaweza kuinakili. Ridhaa iko wapi hapo?

Sheria nazo zimegawanyika. Ulaya mwaka 2002 ilichagua ridhaa itangulie kwenye baruapepe za matangazo, ikiacha mwanya kwa mteja ambaye tayari amenunua kwako. Marekani 2003 ikaruhusu utume, mradi uweke njia ya kujitoa. Sheria ya Kenya ya 2019 ya ulinzi wa data inataka ridhaa ya wazi kabla ya kutumia taarifa za mtu kibiashara, isipokuwa pale sheria nyingine inaporuhusu. Hapo Kenya wamenikosha.

Najua mtetezi wa mfanyabiashara mdogo atasema hana hela ya televisheni, SMS ndiyo mkombozi wake. Namwelewa. Lakini wateja wake wanafika dukani kila siku. Awaombe namba pale pale, awaambie atawatumia nini. Orodha ya watu mia waliokubali ni mali yake kweli. Namba elfu kumi za kununua ni za watu wasiomjua, na tangazo lake watalifuta kabla ya kulisoma.

Mnaopinga, nijibuni hili: kama tangazo lina faida kwa mpokeaji, mnaogopa nini kumuuliza kwanza?