Mboni ya mbuzi hubaki mlalo hata akiinamisha kichwa: nini huligeuza jicho?

Mfugaji, Machame
Habari zenu, ndugu. Nafuga mbuzi wa maziwa kihambani, yaani shambani karibu na nyumba, nao hulishwa bandani. Mbuzi anapoinama kuokota majani yaliyoanguka, pua huelekea ardhini, lakini ule mstari mweusi wa jicho hubaki mlalo vilevile. Je, anafanya hivyo kwa kukusudia?

Mwalimu wa biolojia, Moshi
Hakusudii, ndugu yangu. Ni mwitikio usio wa hiari unaoanzia kwenye sikio la ndani, ambamo vijiwe vidogo vya kalsiamu kaboneti vimekaa juu ya utando laini wenye vinyweleo vya hisi. Kichwa kikiinama, uzito wa vijiwe huuvuta utando, vinyweleo hupinda, na shina la ubongo huiamuru misuli ya jicho ilizungushe kinyume cha kichwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliowahusu pia kondoo na farasi, ulionyesha kwamba jicho la mnyama anayekula malishoni huweza kuzunguka nyuzi 50 au zaidi, ilhali jicho la binadamu anayelaza kichwa begani huzunguka nyuzi chache tu. Mboni ikibaki mlalo, mbuzi huona vizuri kuzunguka upeo wote, ambako adui hutokea, na mwanga wa jua la juu hupungua.

Mfugaji, Machame
Ahsante sana, Mwalimu. Na gizani je?

Mwalimu wa biolojia, Moshi
Hata gizani, kwa sababu chanzo ni sikio.

Daktari wa mifugo, Arusha
Naomba kuongeza jambo linalotusaidia sana katika uchunguzi. Vijiwe hupima mwinamo. Kugeuka kwa kichwa hupimwa na mifereji mitatu ya nusu duara ya sikio la ndani, iliyokaa kwa pembe tofauti. Robert Bárány, daktari wa masikio aliyepata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914, alitia maji ya baridi au ya moto sikioni mwa wagonjwa, macho yakacheza, na alipobadilisha mkao wa kichwa mwelekeo wa mchezo huo nao ukabadilika.

Kwa kuwa sikio ndilo huyaongoza macho, ukiinua taratibu pua ya mbuzi mwenye afya, macho yote mawili hushuka kwa kiasi kilekile, na huo si ugonjwa. Likishuka moja zaidi ya mwenzake, hasa kama mnyama amelaza kichwa upande mmoja na anazunguka mahali pamoja, mwite daktari siku hiyohiyo, kwani bakteria wa listeria, ambao mara nyingi hutokana na saileji (malisho yaliyovundikwa) iliyoharibika, hushambulia shina la ubongo, na matibabu yakichelewa mbuzi hufa.