Wakuba wa uhamishoni walipangaje vita vya uhuru wakiwa Marekani? (mdahalo wa kidato cha sita, Dodoma)

Mwl_Makole

Wakuu, habari za jioni. Vijana wa kidato cha sita hapa Dodoma wana mdahalo kuhusu harakati za uhuru zilizopangwa nje ya nchi. Kundi moja limechukua kambi ya Kongwa, ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, jingine limechukua Wakuba waliopanga vita dhidi ya Hispania wakiwa Marekani. Kundi la Kongwa lina pa kuanzia. La Kuba lina jina la José Martí tu, yule mshairi aliyeongoza harakati hizo, na tarehe ya kifo chake.

Ninachotafuta ni utendaji wenyewe: nani alichanga, fedha zilipita mikono ya nani, silaha zilivukaje bahari, na palipoharibika paliharibikia wapi. Tarehe tafadhali ziwe za uhakika.

---

Kumbukumbu_Dom

Mwalimu, waanze na viwanda vya sigara, mashairi ya Martí yasubiri. Vita ya kwanza ya Wakuba dhidi ya Hispania (1868 hadi 1878) iliwatawanya maelfu ya Wakuba. Wengi waliishia Key West, kisiwa kilichoko kama kilomita 170 kutoka Havana, yaani pungufu kuliko Dodoma hadi Morogoro. Baadaye, 1885 hadi 1886, mwenye kiwanda Vicente Martínez Ybor alihamishia kazi yake Tampa, na mtaa mzima ukaota hapo, Ybor City.

Ukumbi wa kiwanda ndio uliokuwa shule ya siasa. Wafanyakazi wamekaa kwenye safu za meza, kila mmoja anasokota sigara kubwa kwa mkono, na malipo ni kwa idadi aliyomaliza. Juu ya jukwaa dogo ameketi msomaji. Anawasomea magazeti, kisha riwaya, kwa sauti ya kufika meza ya mwisho. Mwajiri hakumlipa, walimlipa wafanyakazi wenyewe kwa kuchangishana, kwa hiyo wao ndio waliochagua cha kusomwa. Hata asiyejua kusoma alikuwa anajua Madrid imesema nini. Mkusanya michango alipopita siku ya mshahara, hakuhitaji kuanza kueleza vita ni ya nini.

Sasa chama. Martí alihutubia Tampa tarehe 26 na 27 Novemba 1891, akaenda Key West, na Januari 1892 misingi ya Chama cha Mapinduzi cha Kuba ikakubaliwa. Kilitangazwa rasmi tarehe 10 Aprili 1892. (Waambie vijana jina lisiwachanganye na chama chetu cha hapa, CCM.) Muundo ulikuwa na ngazi tatu:

Chini kabisa ni klabu. Watu wa kiwanda kimoja, wa mtaa mmoja, au kina mama peke yao, walianzisha klabu yao, wakaipa jina na kuchagua viongozi. Kati ni baraza la mji, lililoundwa na marais wa klabu zote za mji huo. Juu ni watu wawili tu: Mjumbe na Mweka Hazina, wote wa kuchaguliwa upya kila mwaka. Martí alikuwa Mjumbe, hazina alishika Benjamín Guerra. Cheo cha rais wa chama hakikuwapo, na hilo lilikusudiwa.

Fedha ziligawanywa mafungu mawili, la kazi za kila siku na la vita. La vita halikuguswa kwa kuchapisha gazeti wala nauli. Wasokota sigara walikuwa wakitoa ujira wa siku nzima ya kazi. Mjumbe alitakiwa kutoa hesabu kila mwaka kwa waliomchagua. Kwangu mimi hapa ndipo penye kiini cha mada yenu. Vita ya kwanza iliwaachia wahamishwa mgawanyiko mkali, kundi la Miguel Aldama likivutana na la Manuel de Quesada kule New York, na watu wakachoka kuchangia wasichokiona. Uchaguzi wa kila mwaka na hesabu za wazi vilikuwa dawa ya jeraha hilo.

Wasiruke pia suala la rangi. Kuba ilifuta utumwa mwaka 1886 tu. Tampa, Martí alikaa nyumbani kwa Paulina na Ruperto Pedroso, mume na mke Wakuba weusi, na kila mtu mjini alijua. Bila Wakuba weusi pasingekuwa na jeshi. Jenerali Antonio Maceo, aliyekataa masharti ya amani ya 1878, alikuwa mmoja wao.

---

Nanga_na_Tanga

Naongezea upande wa meli, maana ndipo walipoumia zaidi.

Marekani ilikuwa na sheria ya kutoegemea upande: kuandaa safari ya kivita kutoka ardhi yake dhidi ya nchi iliyo na amani nayo ni kosa. Lakini kununua bunduki na kuzisafirisha kama bidhaa haikuwa kosa. Kosa lilikuja pale silaha, watu na mpango vinapokutana. Kwa hiyo mbinu yote ilikuwa kuvitenganisha hadi dakika ya mwisho.

Mpango wa Fernandina, bandari ya kaskazini mwa Florida, ulikuwa hivi: meli tatu, Lagonda, Amadís na Baracoa, zikodiwe kwa maelezo kwamba zinapeleka vibarua na zana za kilimo Amerika ya Kati. Ziwachukue viongozi sehemu tofauti, Maceo na mwenzake Flor Crombet Kosta Rika, Jenerali Máximo Gómez Santo Domingo, wengine Florida, kisha zote zishuke Kuba kwa wakati mmoja. Januari 1895 siri ikavuja, serikali ikazuia meli na shehena. Kilichoiponza ni kwamba mmoja wa maofisa waliokabidhiwa kazi alimfungulia dalali wa meli kwamba shehena ni ya kivita. Maandalizi ya karibu miaka mitatu yakaishia hapo. Wakili wao, Horatio Rubens, aliokoa sehemu ya silaha kwa hoja ileile, kwamba bunduki zilizo kwenye masanduku ni mali halali.

Cha kushangaza, vita haikuahirishwa. Tarehe 29 Januari amri ya kuanza ilitiwa saini New York, ikafika kwa Juan Gualberto Gómez, mwakilishi wa harakati aliyekuwa Havana, na tarehe 24 Februari 1895 mapigano yakaanza. Inasimuliwa kwamba amri hiyo ilivuka ikiwa imesokotwa ndani ya sigara. Kwenye mdahalo waiseme kama masimulizi, si kama ushahidi.

Viongozi walivuka bila meli zao. Maceo alitua Duaba tarehe 1 Aprili. Martí na Máximo Gómez walitua Playitas tarehe 11 Aprili kwa mashua ndogo, usiku, watu sita. Martí aliuawa Dos Ríos tarehe 19 Mei.

---

Mwl_Makole

Nimenakili yote, asanteni sana. Hiyo ya kutenganisha silaha na watu, kuna kesi ya kuonyesha ilivyofanyika baharini?

---

Nanga_na_Tanga

Ipo. Meli ya Horsa ilitoka Philadelphia Novemba 1895 ikiwa na kibali cha kwenda Jamaika. Ikasimama baharini, mbali kidogo na pwani ya New Jersey, ikapokea watu na masanduku kutoka chombo kingine, ikaendelea hadi Kuba. Mwaka 1896 Mahakama Kuu ya Marekani ilishikilia hatia ya nahodha, Wiborg: kukutania nje ya bandari hakukumsafisha, kwa sababu mpango wenyewe ulianzia Marekani. Vyombo vingine viliendelea na mchezo huohuo. Mashuhuri ni Three Friends ya Jacksonville, na nahodha wake, Napoleon Bonaparte Broward, alikuja kuwa gavana wa Florida mwaka 1905.

---

Mpwapwa_Njia_Panda

Kwa kundi la Kongwa: tofauti kubwa ni mwenyeji. Wakuba walipanga ndani ya nchi ambayo sheria yake iliwakamata. Huku kwetu Kamati ya Ukombozi ya OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) iliundwa Mei 1963 makao yakiwa Dar es Salaam, na kuanzia 1964 serikali ikatoa eneo la Kongwa, palipokuwa na mradi wa karanga wa Waingereza. Wapiganaji wa FRELIMO (Msumbiji), ANC (Afrika Kusini), SWAPO (Namibia), ZAPU (Zimbabwe) na MPLA (Angola) walifanyia mafunzo pale bila kujificha kwa polisi. Lakini msaada wa silaha ulipitia mikononi mwa serikali ya Tanzania, si mikononi mwa wapiganaji. Wakuba hawakuwa na ghala la serikali, ila bunduki zao zilinunuliwa kwa fedha za wasokota sigara, na hakuna aliyewapangia siku ya kuanza.

Na kundi la Kuba lijiandae kwa swali la mwisho, maana litaulizwa. Baada ya Martí, Tomás Estrada Palma alishika nafasi ya Mjumbe Julai 1895, na uzito ukahamia kwa wanasiasa wa Washington. Marekani iliingia vitani Aprili 1898. Mkataba wa Paris wa tarehe 10 Desemba 1898 ulisainiwa bila Mkuba mezani, na siku kumi na moja baadaye Estrada Palma akakivunja chama. Klabu zilezile zilizokuwa zikipiga kura kila mwaka hazikuwapo tena mwaka 1901, Marekani ilipoilazimisha Kuba kuweka kwenye katiba haki ya Marekani kuingilia mambo yake.