Tulio visiwani ugenini na watoto wanaoogelea mashindano: tupeane uzoefu

Mama Leni Nne
Wakuu, salaam. Kuna mtu kwenye uzi wa ajira za nje ameandika kwamba ukipata kazi kisiwani, watoto watakuwa samaki wenyewe tu, maana bahari iko mlangoni. Nimeshindwa kulala nalo hilo. Watoto wangu wanaogelea mashindano, na tunaishi kisiwa ambacho ukikizunguka kwa gari asubuhi unarudi jua bado halijawa kali. Bahari iko mlangoni kweli. Bwawa la maana ni moja, na ni la shule, la klabu, la wazee wa mazoezi ya viungo na la zimamoto. Mwanangu anashindana na watoto walewale tangu ana miaka minane. Kabla filimbi haijalia anajua nani atakuwa wa kwanza na nani wa tatu. Akizoeana na mmoja, mkataba wa baba yake unaisha, wanafunga mizigo, tunaanza upya. Naomba mnaolea waogeleaji visiwani mmwage mliyopitia, ili anayekuja na familia ajue anakokuja.

Saa Mkononi
Umenikumbusha bwawa refu, dada. Wetu wamekulia bwawa la mita 25. Tukavuka kwenda bara kwenye mashindano, kufika tunakuta la mita 50. Binti yangu alikuwa na mita 100 mtindo huru. Kwenye bwawa fupi unageuka mara tatu, na kila ukuta unakupa msukumo na kuyapumzisha mabega. Kwenye refu unageuka mara moja, basi. Alitoka vizuri, akageuka akiwa wa pili, mimi huku jukwaani nimeshasimama. Zilipobaki mita kama 15 mikono ikagoma. Nilimwona kabisa anautafuta ukuta uliozoea kuwa hapo. Wakampita wote. Alipotoka majini hakulia, aliniuliza tu, "Baba, wenzetu wanafanya hivi kila siku?" Swali hilo ninalo mpaka leo.

Ushauri wangu: usilinganishe muda wa bwawa fupi na wa bwawa refu, na umwambie mtoto mapema, asiende kulijua siku ya mashindano.

BabaT
Naunga mkono. Yametukuta hayohayo, na nauli ya boti juu.

Chumvi Tupu
Dawa ya hayo yote ni bahari. Huko hakuna ukuta wa kumdekeza mtoto. Mtoe alfajiri, aogelee sambamba na ufukwe, kisha apige mbizi kadhaa mapafu yapanuke. Wangu hawajui kuchoka.

Kocha Mstaafu
Mkuu Chumvi, usiwapotoshe wazazi. Maji ya chumvi ni mazito kuliko ya bwawa, yanambeba mtoto. Nyonga zinaelea bure, hajifunzi kupiga miguu. Mawimbi nayo yanamfundisha kuinua kichwa kila akivuta pumzi. Ukimrudisha bwawani, miguu inazama. Nimefundisha watoto wa namna hiyo, inachukua msimu mzima kuwanyoosha.

Chumvi Tupu
Heshima yako kocha, ila hao unaowanyoosha wakikutana na mkondo wanaita mama. Wangu wanarudi wenyewe.

Mama Pacha
Nyie wanaume malizaneni. Mimi nina la nywele. Binti zangu wana nywele nyingi, wamesukwa, kofia za kawaida zinaruka zikiguswa na maji. Nikawaagizia kofia kubwa. Siku ya mashindano ofisa mmoja akamzuia mkubwa pale pale jukwaa la kuanzia, watu wanatazama, akisema kofia ile si halali. Mtoto wa miaka kumi na moja, kasimama na kosti yake, anatetemeka. Bahati nzuri nilikuwa na karatasi. Kofia za aina hiyo zilikataliwa kabla ya Olimpiki ya Tokyo, lakini mwaka 2022 shirikisho la dunia likaziruhusu. Nikamsomea taratibu, kwa adabu, mbele ya wote. Akampisha.

Wenye mabinti: nendeni na karatasi. Na kabla ya kuingia bwawani, lowesheni nywele kwa maji safi kisha pakeni mafuta, zikishashiba haziinywi klorini nyingi.

Dada wa Chura
Mama Pacha ubarikiwe. Wangu aliacha kuogelea kwa sababu ya nywele tu.

Mgeni wa Kudumu
Mmegusa nywele, mimi nina pasipoti. Mwanangu alifika kisiwani akiwa anabebwa mgongoni. Hajui kwingine. Ana muda bora wa umri wake kisiwa kizima katika mita 100 chali. Timu ya taifa ikatangazwa, jina halimo. Sababu: si raia. Aliyepewa nafasi ni rafiki yake, ambaye hajawahi kumshinda. Tukaambiwa anaweza kuliwakilisha taifa letu la asili, ambalo hajawahi kuogelea hata bwawa lake moja. Alikwenda kuwasindikiza wenzake uwanja wa ndege akiwa amevaa fulana ya klabu. Nilimkataza asiende, akaniambia, "Nisipoenda watadhani nimenuna."

BabaT
Pole sana kaka. Lakini sheria ni sheria, hata sisi kwetu hatupeleki wageni.

Mgeni wa Kudumu
BabaT, mtoto wa miaka kumi na nne aliyekulia mahali si mgeni. Sijaomba sheria ivunjwe, nimeeleza kilichomkuta.

Mama Leni Nne
Taratibu jamani. Mgeni, tafuteni michezo ya visiwa kwa visiwa, masharti yake si lazima yawe yale ya timu ya taifa. Ile ya Bahari ya Hindi ilianza Réunion mwaka 1979, na kuna ile nyingine ya kila miaka miwili iliyoanzia Isle of Man mwaka 1985. Ulizeni mapema masharti ya ukaazi. Kule mtoto anakutana na wenziwe waliokulia bwawa moja kama yeye.

Mama wa Mbizi
Miaka yote nasoma tu humu. Leo neno la ndugu Chumvi Tupu, "apige mbizi mapafu yapanuke", limenitoa. Naandika mikono inatetemeka, mnisamehe makosa.

Ilikuwa mazoezi ya jioni, mashindano ya kanda yamekaribia. Kocha wetu wa kawaida mkataba ulikwisha akaondoka kisiwani, klabu ikaweka mtu wa kushikilia. Mwanangu ana miaka 13, anaogelea mtindo wa kipepeo. Mnajua sheria: ukiruka au ukigeuka, chini ya maji mwisho mita 15, kichwa kiwe kimetoka. Anayezimaliza hizo 15 kwa kasi anawaacha wenzake mbali. Basi walikuwa wanafanyishwa kwenda chini kwa chini bwawa zima bila kupumua. Kijana mmoja mkubwa akawaonyesha ujanja: hema haraka haraka kwanza, mara nyingi, ndipo uzame, utakaa zaidi. Mwanangu akahema, akazama.

Mimi nilikuwa kwenye benchi. Nilimwona akipita, mikono mbele, mwili umenyooka, nikajisemea leo anapendeza. Kisha akapunguza mwendo. Wazazi, shikeni hili: hakupapatika. Hakuinua mkono, hakutoa sauti, hakuna maji yaliyoruka. Alipunguza mwendo, akatulia chini. Kocha yuko upande wa pili anasoma saa. Wenzake wanashangilia, wanadhani anavunja rekodi.

Aliyeng'amua ni msichana wa miaka 12, wa timu yake ya kupokezana. Aliona mapovu yametoka mengi kwa mpigo, kisha hayakutoka tena. Hakumuuliza mtu. Akazama, akamshika kwapani, akapanda naye. Nikasikia anapiga kelele ananiita mimi, si kocha.

Midomo ilikuwa imegeuka rangi. Macho nusu wazi, hayanioni. Mmoja anasema mpindueni atapike maji, mwingine anasema mkandamizeni tumbo, mimi nimemkumbatia kichwa nalia jina lake. Kulikuwa na mama mmoja anayefundisha watu kuzamia, alikuja kuogelea zake tu. Akatusukuma wote. "Pumzi kwanza!" Akamlaza, akainua kidevu, akambana pua, akampulizia, kifua kikapanda. Akarudia, akarudia. Mtoto akakohoa. Sijawahi kusikia sauti tamu kama kikohozi kile.

Haikuishia hapo. Zahanati ya kisiwa wakasema apelekwe bara usiku uleule, mapafu yaangaliwe. Upepo mkali, ndege ya wagonjwa haiwezi kutua, boti zimezuiwa. Tukalala na mtungi wa oksijeni na muuguzi mmoja aliyekataa kwenda nyumbani. Kila akilala namwamsha nimsikie anazungumza. Kulipokucha upepo ukapoa tukavuka. Yuko mzima, namshukuru Mungu.

Dada wa Chura
Mungu wangu. Nimesoma nimesimama.

Saa Mkononi
Huyo kocha yuko wapi? Hiyo klabu ilishtakiwa? Usituambie anaendelea kufundisha.

Nesi wa Zamu
Mama wa Mbizi, pole, na asante kwa kuandika. Niwaeleze, maana wengi wanadhani kuhema haraka kunajaza oksijeni. Haiongezi kitu cha maana. Kinachofanyika ni kuifukuza kaboni dioksaidi, na hiyo ndiyo inayoupa mwili hamu ya kuvuta pumzi. Ukishaifukuza, king'ora kimezimwa. Oksijeni inapungua, mtoto hasikii shida yoyote, anazimika ghafla. Ndiyo maana hakupapatika. Na waogeleaji hodari ndio wanaopatwa, kwa sababu wamezoea kuipuuza ile hamu.

Akitolewa: msihangaike kumkamua maji tumboni. Kama hapumui, mpulizieni pumzi tano, kisha mkandamize kifua na kuendelea kupuliza mpaka msaada ufike, huku mwingine anapiga simu. Hata akizinduka na kuongea, hospitali ni lazima, mapafu huweza kuharibika saa kadhaa baadaye.

Kocha Mstaafu
Naongeza kama mtu wa kazi hiyo. Zoezi la kubana pumzi kwa umbali, kwa watoto, halina ulazima. Mita 15 zinafundishwa kwa mateke machache yenye nguvu, wanapumzika vya kutosha, mmoja baada ya mwingine, na kuna jicho linalomfuata kila mmoja. Lakini Saa Mkononi, usitupake makocha wote. Huyo aliachiwa watoto wote peke yake, na aliyemwachia ni kamati ya wazazi.

Saa Mkononi
Kamati haikumwambia asome saa mtoto akizama! Kocha akiona watoto wamemzidi, afunge bwawa wakapumzike nyumbani.

Kocha Mstaafu
Hilo la kufunga bwawa nakubaliana nawe.

Chumvi Tupu
Pole mama. Ila mbizi yangu ni ya wawili wawili, mmoja juu mmoja chini. Tusiichafue bahari kwa kosa la bwawa.

Mama Pacha
Chumvi, mwenzio karibu azike mtoto, wewe bado unaitetea bahari?

BabaT
Mimi wangu namtoa kabisa. Kesho. Kuna mpira, kuna riadha, nchi kavu ipo.

Mgeni wa Kudumu
BabaT, unaishi kisiwani. Mtoto asiyeogelea kisiwani ndiye wa kuogopewa zaidi.

Mama Leni Nne
Nikirudi kwenye uzi: waliovuka miaka 14, mliwabakiza au mliwapeleka nje? Joseph Schooling alitoka Singapore akiwa kijana mdogo kwenda kusoma Marekani, na mwaka 2016 kwenye Olimpiki ya Rio akachukua dhahabu ya mita 100 kipepeo kwa sekunde 50.39, Mmarekani Michael Phelps akiwa nyuma yake. Kila mzazi wa klabu yetu ananitajia huyo kila wiki.

Saa Mkononi
Peleka. Kisiwani atabaki kuwa bingwa wa leni moja.

Dada wa Chura
Usimpeleke. Miaka 14 bado anahitaji mama. Anthony Nesty alizaliwa Trinidad, akahamishiwa Suriname akiwa mchanga, nchi ya bwawa moja la mita 50, akaanzia hapohapo. Marekani alikwenda akiwa kijana mkubwa. Mwaka 1988 kwenye Olimpiki ya Seoul, mita 100 kipepeo, akamshinda Mmarekani Matt Biondi kwa sehemu moja ya mia ya sekunde, 53.00 kwa 53.01. Msingi uliwekwa nyumbani. Na Desemba 2024 Jordan Crooks wa Visiwa vya Cayman amekuwa mtu wa kwanza kwenda chini ya sekunde 20 mita 50 mtindo huru bwawa fupi, 19.90. Wasituambie visiwa ni vidogo.

Kocha Mstaafu
Dada, huyo Nesty baadaye aliongoza timu ya wanaume ya Marekani Olimpiki ya Paris 2024. Lakini usiwape wazazi mabingwa kama kipimo. Muulize mtoto anataka nini.

Nesi wa Zamu
Mama wa Mbizi, kijana alirudi majini?

Mama wa Mbizi
Alirudi, yeye ndiye aliyetaka. Nilimwambia sitakaa kwenye benchi tena, nasimama ukingoni, akikasirika akasirike. Klabu imeandika sheria ukutani: hakuna kubana pumzi kwa mashindano, hakuna kuhema haraka kabla ya kuzama, hakuna mazoezi bila mtu mzima wa pili ambaye kazi yake ni kutazama maji tu. Wazazi tunapeana zamu. Na wote tumefundishwa kupulizia pumzi na yule mama mzamiaji, watoto pia, kuanzia wale wa miaka kumi.

Saa Mkononi, kocha aliondoka. Sikumfuata. Nguvu zangu nimeziweka kwenye zamu.

Mama Leni Nne
Naiga hiyo ya mtu wa pili, kesho napeleka kwenye kamati yetu. Mama wa Mbizi, tafadhali niandikie hizo sheria zote zilivyo.

Dada wa Chura
Jamani na masikio? Wangu kila baada ya mashindano sikio linauma, ukiligusa tu anaruka.

Chumvi Tupu
Maji ya bahari.

Mama Pacha
Mafuta ya zeituni ya uvuguvugu kabla ya mazoezi.

Nesi wa Zamu
Likishauma, usitie kitu chochote mpaka daktari alitazame, huenda ngoma imetoboka. Likipona, akitoka majini ainamishe kichwa kila upande na akaushe nje kwa taulo. Vijiti vya pamba msimwingizie.