Mliovuka miaka 50, njia gani za asili zimeusaidia mwili wako? Tupeane uzoefu

Mleta mada
Habari zenu ndugu zangu, na shikamooni wakubwa wangu. Nina miaka 54. Mvi na makunyanzi nimeyapokea. Kinachonisumbua ni nguvu za miguu. Nikikaa chini kwa muda, kuinuka ni mpaka nishike kitu. Nimepimwa, presha na sukari ziko sawa, magoti hayana ugonjwa. Daktari anasema misuli imepungua: kuanzia miaka ya 30 mtu hupoteza kati ya asilimia 3 na 8 ya misuli kila miaka 10, na akivuka 60 kasi huongezeka. Sitafuti kidonge cha kurudisha ujana. Aliyejaribu jambo akaliona mwilini mwake, atueleze alifanya nini na nini kilibadilika. Na kama halikusaidia, aseme pia.

Mwalimu mstaafu, 67
Marahaba mwanangu. Hilo la kuinuka nalijua vizuri, na dawa yake iko nyumbani kwako: kiti.

Chukua kiti kigumu, kiegemeze ukutani kisiteleze. Kaa, kunja mikono kifuani, inuka bila kujishika. Kisha shuka polepole, ukihesabu moja hadi tatu kabla ya makalio kugusa kiti. Wengi hujitupa tu, na kule kushuka taratibu ndiko kunakoijenga misuli ya mapaja. Ukishindwa kabisa, weka mto juu ya kiti ili kiwe kirefu, au jisukume kwa mikono mpaka miguu izoee. Ukiona imekuwa rahisi, shika chupa za maji zilizojaa. Usibaki na zoezi lile lile jepesi mwaka mzima, misuli haiongezeki bila kupewa kazi zaidi. Na iachie siku ya kupumzika katikati.

Mimi sasa nainuka sakafuni mwenyewe, napanda ngazi na mzigo mkononi. Usidhani umechelewa. Mwaka 1990 watafiti wa Boston, Marekani, waliwafundisha wazee dhaifu wenye umri wa miaka 90 hivi kunyanyua uzito kwa miguu. Baada ya wiki 8, nguvu za waliomaliza zilikuwa zimepanda kwa wastani wa asilimia 174. Kama wao waliweza, wewe wa 54 una nafasi kubwa mno.

Jambo la pili ni kusimama kwa mguu mmoja wakati wa kupiga mswaki, karibu na kitu cha kushika. Wenzangu wengi waliovunjika nyonga walianguka ndani ya nyumba zao, wakitembea tu.

Baba wa watoto wanne, 59
Mwalimu shikamoo. Nakubaliana nawe, na nina ushahidi wa upande wa pili. Mimi nilishika kutembea peke yake, kila jioni, kwa miaka. Pumzi ilipanuka, usingizi ukaja, presha ikashuka mpaka daktari akanipunguzia dozi. Lakini miguu haikupata nguvu mpya hadi nilipoongeza milima na kubeba vitu vizito. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka vyote viwili: mwendo wa wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na mazoezi ya nguvu angalau siku 2. Waliofika 65 waongeze ya kuufanya mwili usimame imara bila kuyumba, siku 3 au zaidi.

Mama, 52
Dada zangu, tusisahau mifupa. Hedhi ikikoma, homoni iliyokuwa ikiilinda hushuka, na mwanamke anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya uzito wa mifupa katika miaka 5 hadi 7. Uzito na mishtuko midogo ndiyo huiambia mifupa ijijenge, kwa hiyo ngazi na vyuma ni vyetu pia. Joto la ghafla usiku nililipunguza kwa nguo nyepesi, chumba chenye hewa na kuacha kahawa jioni. Majani ya kuchemsha niliyopewa na shoga yangu hayakunisaidia lolote.

Nesi
Kuhusu majani, naomba mnisikilize. Tunapokea wagonjwa waliokunywa unga wa "asili" wa viungo, maumivu yakaisha kwa siku chache, wakafurahi. Baadaye uso unavimba, sukari inapanda, vidonda vya tumbo vinaanza. Baadhi ya dawa hizo zikipimwa maabara hukutwa zimechanganywa steroidi (dawa kali za kutuliza uvimbe) au dawa za maumivu za hospitali kwa siri. Dawa ya mitishamba inayokata maumivu ya miaka ndani ya siku mbili itie shaka. Wala usiache ghafla, njoo hospitali na kopo lake, kwa sababu kukatisha steroidi papo hapo ni hatari.

Dereva wa malori, 61
Upande wa dirisha uso wangu umekunjamana kuliko wa pili. Mwaka 2012 madaktari walichapisha picha ya dereva wa miaka 69 aliyeendesha lori miaka 28, hali ni hiyo hiyo: miale inayozeesha ngozi hupenya kioo. Mikono mirefu, kofia na krimu ya kukinga jua vimenifaa kuliko mafuta yote ya kupaka usiku.

Mleta mada
Asanteni sana, nimepata mengi. Mwalimu, chakula je? Mazoezi bila chakula yatajenga nini?

Mwalimu mstaafu, 67
Protini, mwanangu, na usiirundike yote kwenye mlo wa usiku. Wataalamu wa lishe ya wazee wanashauri gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, maana mwili wa umri wetu huitumia kwa uvivu. Wa kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 72. Yai moja lina kama gramu 6, kwa hiyo utaongeza samaki, maharage, maziwa. Kunywa maji hata bila kiu, kwani kiu hupungua uzeeni.

Nesi
Isipokuwa mwenye tatizo la figo au moyo. Huyo kiasi cha protini na maji apangiwe na daktari wake.

Mleta mada
Nimeelewa nesi. Aliyewahi kupona maumivu ya nyonga upande mmoja kwa mazoezi, naye atueleze. Mke wangu anayo.